Ndimu Usoni Siku Tano Kabla ya Harusi

Nilikuwa na miaka kumi na minane, tunakaa Temeke wakati wa Mwingereza, katika nyumba ya udongo yenye ua wa makuti. Nilikuwa nimeposwa na karani wa bandarini. Siku shangazi yake alipokuja kunitazama, nilimwamkia, nikamwandalia kahawa, nikarudi nyuma ya mlango. Nikamsikia akimwambia mwenzake aliyefuatana naye:

"Adabu anayo, sura anayo. Lakini ngozi yake umeiona? Vitundu vitupu, kama ganda la chungwa. Na mafuta yanavyomtoka!"

Mama naye alisikia. Akainama kupuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

Kabla ya siku ile sikuwahi kuutazama uso wangu kwa karibu. Sasa nikawa sina kazi nyingine. Nilichukua kioo cha baba cha kunyolea, nikasimama dirishani, nikaviona vinyweleo vya puani na mashavuni vimeachama, vingine vina weusi ndani. Nikavikamua kwa kucha mpaka pua ikavimba. Nikasugua kwa kumbi la nazi, nikaosha kwa sabuni ya kufulia. Kila adhuhuri mafuta yalirudi, tena nadhani yalizidi.

Siku tano kabla ya harusi, nikiwa nimeshawekwa ndani, rafiki yangu alininong'oneza kwamba ndimu hufunga vinyweleo. "Ipake, ukae juani ikukaukie. Vitajibana vyote."

Mama alikuwa amekwenda sokoni. Somo wangu, bibi aliyepewa kazi ya kunifunda na kunisinga mwili kwa manukato, alikuwa amejinyoosha chumbani. Nikakata ndimu tatu, nikajisugua, nikakaa uani kwenye jua la saa saba. Iliwasha. Nikajiambia inawasha kwa sababu inafanya kazi.

Kesho yake uso ulikuwa wa moto, nikajifunika kanga nikasema kichwa kinauma. Asubuhi ya siku ya nne macho yalifunguka kwa shida. Mama alinifunua kanga, akaketi chini palepale.

"Umejifanya nini, mwanangu?"

Mashavu yote mawili yalijaa malengelenge. Somo aliinuka. Alikwenda kuleta bakuli la liwa, ule unga wa mti wa manukato, iliyochanganywa na karafuu, akachovya vidole. Hapo ndipo alipotokea mpangaji wetu wa chumba cha mbele, nesi kutoka bara, keshavaa gauni lake jeupe la kazini.

"Shikamoo bibi. Nakuomba usimpake hiyo."

"Marahaba. Na wewe umesinga maharusi wangapi?"

"Sijasinga hata mmoja, bibi. Ila walioungua nimewauguza. Karafuu itamzidishia, na malengelenge yakipasuka yataingia uchafu."

Somo akamgeukia mama. "Chagua. Mie au huyu."

Mama alinitazama usoni. Mkono wa somo ulibaki hewani, liwa ikidondoka mkekani. Mie nilitamani ardhi inimeze. Mwanamke aliyemfunda mama yangu mwenyewe alikuwa anavunjiwa heshima kwa ajili ya upumbavu wangu.

"Nisamehe, somo," mama akasema. "Mwache amtazame."

Somo akabeba bakuli lake, akatoka bila kuaga.

Nesi alipoza maji yaliyochemshwa, akaloweka kitambaa safi, akakiweka usoni pangu taratibu. Nikamweleza yote.

"Vinyweleo havifungwi, mdogo wangu," alisema. "Si milango. Ndipo mafuta yanapopitia ili ngozi isikauke. Wengine wamezaliwa na vikubwa, wengine vidogo. Ukisugua unavichokoza, ukikamua unavipanua. Osha asubuhi na jioni kwa sabuni laini, kausha kwa kugusagusa, basi. Na ndimu na jua ni adui wawili. Hapo patabaki weusi kwa miezi."

"Miezi? Harusi ni keshokutwa!"

Alikiloweka kitambaa tena. Akaniambia tu nisitoke juani wala nisiyatumbue malengelenge, akaenda zake kazini.

Alasiri ile ile shangazi wa mchumba aliingia na wanawake wawili na sanduku la nguo za harusi. Mama alisema naumwa. Shangazi akasema basi atanijulia hali, akapiga hodi na kuingia kabla hatujamjibu. Nilikuwa nimekaa kitandani. Hakukuwa na pa kujificha, nikaiacha kanga ianguke.

Wale wanawake wakaguna. Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo, "Ugonjwa gani huu?"

"Si ugonjwa, shangazi. Ni ndimu. Nilisikia ulivyosema juu ya ngozi yangu, nikataka vitundu vifungike."

Mama alinifinya paja, lakini nilikuwa nimeshasema. Shangazi alinitazama toka paji hadi kidevu. Kisha akatoka, wenzake nyuma yake. Sanduku waliliacha ukumbini, nasi hatukujua kama tulifungue au tungoje warudi kulichukua.

Siku nzima iliyofuata hakuna aliyekuja. Baba alikaa barazani, kila baiskeli ikipita anainua kichwa. Mama hakupika. Jioni shangazi akaja peke yake, akakaa mkekani karibu yangu.

"Nimemweleza mchumba wako kila kitu, hata maneno yangu," alisema. "Anasema ndoa ifungwe kesho, baba yako na mashahidi wanatosha. Nyumbani kwake utaingia ukishapona."

Ndoa ikafungwa mie nikiwa chumbani na kitambaa kibichi usoni. Wiki iliyofuata nilimpelekea somo kanga na kumwomba radhi kwa magoti. Alinizungusha sana, akakubali. Kwa mume wangu niliingia baada ya mwezi, na madoa meusi mashavuni, na vinyweleo vyangu vyote palepale. Hakuvitaja hata siku moja.

Madoa yalichukua karibu nusu mwaka kufutika. Nilipopanga kwenda kumwonyesha nesi, mama akaniambia alishahamishwa kurudi bara, na chumba chake kina mpangaji mwingine.