Viroboto Waliotoka Djugu

Mama mkwe wangu alifika kwetu Mudzipela, mtaa wa pembezoni mwa mji, kwa miguu, akikimbia vita Djugu. Katika mali yote ya nyumba yake alikuwa ameokoa kikwembe alichojifunga mwilini, sufuria moja na mbwa wake mwekundu mwenye sikio lililochanika. Viroboto walikuja na mbwa. Hilo hatukulijua siku ile. Tulikuwa tunamwangalia mama tu, jinsi alivyokaa mlangoni bila kuomba hata maji.

Tulikuwa na vyumba viwili. Mume wangu, dereva wa lori, alikuwa amekwama Mahagi kwa sababu barabara haikupitika. Nyumbani tulibaki mimi, mama mkwe, binti zangu wawili, na paka wetu, ambaye alimchukia mbwa kwa siku chache kisha akaanza kulala mgongoni kwake. Hapo ndipo viroboto walipoenea kila mahali.

Mimi ni mshonaji, na mashine yangu ni ya kukanyaga. Niliwagundua kwa miguu: mguu mmoja unakanyaga, mwingine unamkuna mwenzake. Nikavaa soksi nyeupe za mume wangu nikazunguka sebuleni. Nilipoinama kutazama, zilikuwa zimejaa vidoa vyeusi vinavyoruka. Binti yangu mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa na vipele mpaka kwenye kope.

Mwenye nyumba alikuja, akasimama mbali, akasema mbwa atoke au tutoke sisi. Kutoka twende wapi? Mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia kama mama mkwe, na hata chumba kisichokuwa na dirisha kilikuwa na watu wanaokigombea. Nilimkuta mama anachambua majani ya sombe, nikamfikishia yale maneno kwa upole nilioweza. Hakuinua kichwa.

"Ile imbwa ndiyo iliniamusha usiku ya vita, mutoto yangu," alisema. "Majirani yangu hawakukuwa na imbwa."

Nilikaa chini nikamsaidia kuchambua.

Jirani mmoja akanishauri ninunue dawa ya kunyunyizia nyanya. Ilikuwa inauzwa sokoni ndani ya chupa ya soda, haina maandishi yoyote. Asubuhi moja nilitoa vitu vyote nje, nikatandaza magodoro juani, nikachovya fungu la majani ndani ya ile dawa na kuipiga sakafu yote, pembe kwa pembe. Nikafunga mlango na madirisha. Nia yangu ilikuwa tushinde uani mpaka jioni.

Jua lilikuwa utosini risasi ziliposikika. Kwanza upande wa juu, halafu karibu. Milango ya majirani ikafungwa yote kwa pamoja. Nilikimbia nikafungua wa kwetu, na harufu ikanisukuma nje kama mkono. Macho yaliwaka, mtoto akaanza kukohoa mgongoni kwangu. Nyumba ilikuwa mbele yetu na hatukuweza kuingia.

Kilichobaki ni jiko la nje: kuta za udongo, mabati juu, gunia la makala ya kupikia pembeni. Tuliingia wote, mama mkwe, watoto wangu, paka nimemfunga ndani ya kikwembe, na mbwa. Nikavuta mlango, nikaukaza kwa kijiti.

Tulikaa magoti yakigusana. Risasi zilipotulia nilisikia viroboto. Najua kiroboto hasikiki, lakini mle ndani niliwasikia. Walipanda miguuni, kiunoni, shingoni, na mikono yangu ilikuwa imemshika mtoto asilie. Nilimtazama mbwa kati ya miguu ya mama mkwe, nikanyoosha mkono kwenye kile kijiti. Nilitaka kumtoa. Mama aliona.

"Kama inatoka, na miye natoka," alisema taratibu.

Nikarudisha mkono.

Baadaye akaanza kupapasa manyoya ya mbwa, anamtafuta kiroboto, anamponda kati ya kucha mbili. Binti yangu mkubwa alimtazama kidogo, kisha akaanza upande wa pili. Wakafanya hivyo bila kusema, kila mara risasi zikilia mikono yao inasimama, zikinyamaza inaendelea. Mbwa alitulia muda wote. Mimi nililia kimyakimya, na sijui mpaka leo kama nililia kwa hofu au kwa kuwashwa.

Tulitoka jioni. Mtaani kwetu hakuna aliyekufa, na kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu kilichotokea. Niliosha sakafu kwa sabuni mara nyingi, lakini mtoto alikohoa siku kadhaa, na baada ya hapo viroboto wakarudi kama vile hatujafanya kitu.

Mwuzaji wa dawa za mifugo alipoisikia habari ya ile chupa, aliniambia dawa ile ingeweza kuua mtoto kabla ya kumaliza viroboto, maana mayai yao yako ndani ya nyufa. Alinipa dawa ya unga ya kumpaka mbwa, akanikataza kabisa kumpaka paka, kwa kuwa paka hujilamba. Paka tumchane kwa kitana chenye meno ya karibu na kukichovya kwenye maji ya sabuni. Tukaanza upya. Kufagia kila siku na kuchoma takataka, kuchemsha matandiko, kuanika magodoro. Mama mkwe mwenyewe alipiga magoti akaziba nyufa za sakafu kwa simenti. Viroboto walipungua polepole sana, kisha tukajikuta tunakula bila mtu kujikuna.

Barabara ya Mahagi ilifunguliwa, mume wangu akarudi. Mwenye nyumba hakusema tena habari za mbwa. Njia ya kwenda kijijini kwao Djugu bado haijafunguliwa. Wanaotoka kule humwambia mama mkwe kwamba mlango wake uko wazi na majani yameota mpaka ndani. Huwasikiliza mpaka mwisho, halafu huwauliza ni nani kati ya majirani zake wamemwona.