Ziwa la Kushoto

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumanne, nilipougusa ule uvimbe kwa mara ya kwanza. Nakumbuka saa hiyo kwa sababu nilikuwa na desturi ya kuitazama saa ya mezani kila nilipomaliza kumnyonyesha mtoto, na siku hiyo niliitazama huku mkono wangu umebaki kifuani. Uvimbe ulikuwa katika ziwa la kushoto, upande wa nje karibu na kwapa, mgumu, ukubwa wa tende kavu. Asubuhi haukuwapo.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya serikali na waasi wa Kisomali. Mume wangu alikuwa karani wa serikali, na sisi wawili tulikuwa watu wa Ukambani. Alipohamishiwa Garissa nilimfuata nikiwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto, msichana, wetu wa kwanza, sasa alikuwa na wiki saba. Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne. Yaliyobaki nilijifundisha kwa kamusi kuukuu na magazeti yaliyokwisha kusomwa ofisini. Niliamini kwamba jambo likifanywa kwa saa na kwa mpango haliwezi kuharibika.

Hata kulala tulilala kwa mpango. Kafyu ilianza saa kumi na mbili jioni, na kwa sababu ya risasi watu wote wa mtaa wetu walilala sakafuni, chini ya usawa wa dirisha. Godoro letu tuliliweka kando ya ukuta wa ndani. Mtoto alilala kati yangu na ukuta, nami nililalia ubavu wa kulia nikimwelekea, mgongo wangu ukiwa upande wa dirisha. Mpango huo ulikuwa wangu. Kama risasi ingeingia, ingenikuta mimi kwanza. Kwa wiki saba sikugeuka hata usiku mmoja.

Jumatano asubuhi ngozi iliyoufunika uvimbe ilikuwa nyekundu na ya moto. Mtoto alipolishika ziwa lile nilihisi kama napasuliwa, nikamwondoa. Nilijua dawa moja tu ya matiti, ile niliyomwona mama akiitumia alipomwachisha mdogo wangu: alijifunga leso kifuani, akaikaza. Nikafanya vivyo hivyo, nikamnyonyesha mtoto ziwa la kulia peke yake. Nilidhani nalipumzisha ziwa bovu. Sikufikiri kwamba mama alijifunga leso ile kwa sababu alitaka maziwa yakauke.

Kufika saa saba nilikuwa natetemeka kwa homa. Hospitalini walikuwa wamepokea majeruhi siku ile, na sisi wengine tuliambiwa turudi Ijumaa. Mume wangu alipitia dukani akarudi na makopo mawili ya maziwa ya unga, shilingi saba na senti hamsini kila moja. Yalikuwa ya mwisho kwenye rafu. Bidhaa zote zilikuja na msafara wa malori yaliyosindikizwa na askari, na msafara ulikuwa haujaonekana kwa siku tisa. Hakuna aliyehitaji kunieleza hesabu hiyo. Kama maziwa yangu yangekauka, mtoto angeishi kwa kutegemea malori. Tulifungua kopo moja, nikakoroga kwa maji yaliyochemshwa. Alikunywa kidogo, akatapika, akalia mpaka sauti ikamkauka. Ziwa la kulia nalo lilikuwa limeanza kupungua.

Alhamisi, saa moja na dakika hamsini, mama wa maziwa alibisha mlango.

Alikuwa mwanamke wa Kisomali, mwembamba, umri wa mama yangu, na alituletea maziwa kidogo ya mbuzi, ya chai tu, kila asubuhi. Nilimwita eeddo, yaani shangazi, kama majirani zake walivyomwita. Naye aliniita abaayo, dada. Chombo chake kilikuwa cha kusukwa na kilifukizwa moshi kwa ndani, na maziwa yake yalikuwa na ladha ya moshi huo. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliyakoroga kwa kijiti ili waone kama kuna kitu kilichofichwa chini. Kwa hiyo alitembea na kijiti chake mwenyewe, safi, akawapa kabla hawajaokota cha kwao.

Mume wangu alikuwa ameagiza asivuke kizingiti. Hakuwa na chuki naye. Mwezi ule karani mwenzake alikuwa amehojiwa mchana kutwa kwa ajili ya mgeni wa Kisomali aliyekunywa chai nyumbani kwake. Basi biashara yetu yote ilifanyika mlangoni.

Siku ile nilipotaka kupokea maziwa, mkono wa kushoto ulikataa kuinuka. Aliuliza una nini. Nikamwambia si mkono, ni ziwa.

"Titi hiyo nani anakunywa?"

"Hakuna."

"Toka lini?"

Nikamtajia: tangu Jumatano, saa moja asubuhi.

"Saa unajua fizuri," akasema, kwa Kiswahili chake ambacho v iligeuka f na p mara nyingine b. "Mtoto iko wapi?"

Sikumkaribisha kwa maneno. Nilisogea kando tu, naye akavua viatu, akaingia.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuifungua leso. Aliuliza nani amenifunga, nikasema mimi. Alichovya kitambaa katika maji ya chai yaliyokuwa yanapoa, akakikamua, akakiweka juu ya uvimbe, akangoja. Kisha akapaka samli kwenye ncha za vidole, akaanza kulipapasa ziwa taratibu, akiwa ameelekeza macho ukutani kama anayesikiliza. Kidole kimoja kilitoka kwenye uvimbe kikaenda moja kwa moja hadi kwenye chuchu, na nilihisi maumivu yakikifuata, hayatoki nje ya mstari ule hata kidogo. Sijui alijuaje mstari ulipo. Juu ya ngozi hapakuwa na alama yoyote.

"Ndani hapa kuna njia mingi," akasema. "Moja imewekwa kizuizi." Akaiokota leso, akaninyooshea. "Askari ni wewe, abaayo."

Nilimpakata mtoto kama kawaida, akanizuia. Alieleza kwamba kidevu cha mtoto ndicho chenye nguvu, na kidevu lazima kielekee mahali palipofunga. Uvimbe ulikuwa karibu na kwapa. Kwa kupakata, kidevu kingeelekea tumboni kwangu na kuvuta njia zilizokuwa wazi tayari.

"Umeona mbuzi ananyonyesha amelala?"

Nikasema sijaona.

"Amekaa kwa kiti?"

Hata hilo sikuwa nimeliona.

"Basi simama kama yeye."

Alimlaza mtoto chali mkekani, miguu yake ikitokea upande wa kwapa langu la kushoto. Nami, mke wa karani, mwenye kamusi na saa ya mezani, nilipiga magoti, nikaweka viganja sakafuni, nikamwinamia mwanangu kwa miguu minne. Alishika chuchu. Mara ya kwanza niliuma midomo mpaka nikaonja damu. Eeddo alichuchumaa kando yangu, kiganja chake nyuma ya uvimbe, akiusukuma polepole kila mtoto alipovuta, na kuuachia kila alipomeza. Nilianza kuhesabu mimezo ili nisipige kelele.

Nilikuwa kwenye ishirini na sita mlango ulipofunguliwa. Alikuwa mume wangu. Alisimama pale akatutazama sote watatu. Nilifikiria kizingiti, na karani mwenzake, na jinsi nilivyoonekana. Kisha akasema, "Nimesahau miwani," akaichukua mezani. Alipofika mlangoni akageuka, akamwambia yule mama, "Salaam alaikum," kwa ile sauti aliyoitumia kwa wakubwa wake. Alijibiwa kikamilifu, bila kiganja kuondoka mahali pake.

Alipokwisha kwenda, eeddo akasema, "Huyo bia hajaona mbuzi."

Nilipofika kwenye arobaini na moja mtoto aliachia, akakohoa. Kwenye chuchu palining'inia kitu cheupe, kizito kama samli iliyoganda, urefu wa punje ya mchele. Eeddo alikipangusa kwa kidole, akanionyesha. Hicho tu. Halafu maziwa yakaja yenyewe, kwa nyuzi nne au tano kwa pamoja, yakampiga mtoto kwenye paji la uso, yakamwingia machoni, naye akafungua kinywa akiyatafuta. Alinyonya kwa pupa mpaka akalala akiwa bado anavuta. Nilipeleka mkono mahali ilipokuwa tende. Palikuwa laini.

Niliketi mkekani nikitazama ile punje kwenye kidole chake. Tangu siku hiyo nimesoma vitabu vingi kwa kadiri ya uwezo wangu, juu ya nyota, bahari na mashine, lakini hakuna kilichonipa mshangao kama ule. Kitu kidogo kiasi kile kilikuwa kimetosha kuiangusha nyumba nzima. Na kidevu cha mtoto wa wiki saba, asiyejua hata mkono wake ni wake, kilikuwa kimefanya kazi ambayo leso, saa na mimi tulikuwa tumeiharibu. Nilihisi kwamba mwili wangu ulikuwa na maarifa yake siku zote, na kwamba mwanamke huyu alikuwa amezoea kuusikiliza wa mbuzi, basi wangu haukumpa shida.

Kabla ya kuondoka aliuliza ninalalaje. Nikamwonyesha godoro. Alijilaza mwenyewe kwa ubavu wa kulia, uso ukutani, akakaa hivyo kidogo. Kisha akatazama nyuma, kwenye dirisha, na nikaona ameelewa bila kuuliza.

"Ukuta ni muzuri," akasema akiinuka. "Lakini titi moja inafanya kazi, ingine inangoja mbaka asubuhi."

Nikahesabu: tangu kafyu mpaka kupambazuka, saa kumi na mbili, kwa siku arobaini na tisa. Nilitaka kumpa kitu. Alichukua senti za maziwa tu kama kila siku, akavaa viatu, akaondoka na kijiti chake.

Jioni nilimweleza mume wangu yote, hata habari ya ubavu. Nilingoja azungumzie kizingiti. Badala yake alikwenda kwenye godoro, akaitoa mito upande wa kichwa akaipeleka upande wa miguu, kisha akalala kujaribu.

"Sasa ukiuelekea ukuta," alisema, "umelalia kushoto. Na mtoto yuko palepale."

Tulibadilisha mito kila jioni kwa muda wote uliobaki wa vita. Mama wa maziwa aliendelea kuja, na tangu siku ile alikunywa chai ndani. Homa ilikwisha Ijumaa. Mtoto alinyonya mpaka akatimiza mwaka mmoja na miezi minane, matiti yote mawili.

Kopo lililofunguliwa tulilimaliza kwenye chai. Lile jingine mwenye duka alikubali kulipokea, ila kwa shilingi sita. Hasara yetu yote ilikuwa shilingi tisa.