Mgeni Aliyeagiza Chai Sebuleni Kwangu

Mama mmoja wa umri wa bibi aliingia sebuleni kwangu, akavuta stuli, akaweka mkoba juu ya kaunta, akaniambia:

"Mwanangu, naomba chai ya rangi. Sukari usitie."

Aisee, nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Kwa sababu pale si mgahawani. Pale ni kwangu. Nyuma ya kaunta ndipo ninapopikia, na mlango wa pembeni unaingia chumbani ninapolala.

Na huyo mama sikuwa nimewahi kumwona hata kwa bahati mbaya.

Tulia nikupe mkasa wenyewe.

Mimi ni fundi mapazia. Mtaani wananiita Mama Pazia, ingawa mtoto sina. Mahoteli, maofisi, nyumba za watu wenye nafasi zao, kote nimepanda ngazi, nimepima madirisha, nimening'iniza, nimeshuka, nimeondoka. Sebule nzuri nimeziona mpaka basi. Ila zote nimeziona nikiwa juu ya ngazi.

Nilikuwa naishi na mdogo wangu wa kike. Yeye ndiye alikuwa redio ya nyumba. Akaolewa, akahamia mji mwingine na mumewe.

Nyumba ikapoa.

Ikafika mahali friji ikinguruma naitikia, "Eeh?"

Sasa, marehemu mama yetu alikuwa akiwashonea nguo wacheza dansi wa enzi zake. Usiku alikuwa akitusimulia ule ukumbi mpaka tunasinzia: taa nyekundu zenye matamvua, mpira wa vioo ukizunguka darini, santuri inalia, watu wamevaa wakavalika.

Mimi sikuwahi kuuona. Nikasema, basi nitautengeneza. Sebule hii lazima iwe na watu.

Nilizunguka kwa wauza vitu chakavu kama mwendawazimu. Nikapata taa ya shaba yenye shingo iliyopinda. Nikapata taa za ukutani zilizotolewa kwenye hoteli iliyobomolewa. Kofia zake zilikuwa zimeoza, imebaki mifupa ya waya tu. Nikazivisha upya kwa mahameli yaliyobaki kazini, nikashonea matamvua kwa mkono, uzi kwa uzi. Seremala akanitengenezea kaunta na stuli ndefu. Fundi umeme akabadilisha nyaya zote, akafunga balbu za mwanga wa njano na mpira wa vioo darini, na juu ya kaunta akaweka herufi za neoni za rangi ya waridi: DANSI.

Alipowasha, akarudi nyuma, akajishika kiuno.

"Dada, hapa umeua. Sasa watu wenyewe wako wapi?"

"Wanakuja Jumamosi," nikamjibu kwa madaha.

Nikatuma mwaliko kwa simu. Majirani, wateja wangu, mafundi wenzangu, mdogo wangu. Sherehe ya dansi ya kizamani, njooni mmependeza. Majibu yakamiminika. "Tupo pamoja!" "Sikosi hata iweje." "Nitajitahidi."

Mwenzenu nikaoka keki. Nikakaanga karanga. Nikajishonea gauni jekundu la kuzunguka. Jumamosi jioni nikawasha kila taa, nikauacha mlango wazi, nikasimama.

Mdogo wangu akapiga. "Dada, mtoto ana homa, nisamehe."

"Hamna shida, muuguze tu."

Halafu kimya. Pikipiki ikisimama nje, nalirekebisha gauni. Kumbe ya jirani. Miguu ikipita, natabasamu tayari tayari. Inapita.

Mpira wa vioo ukaendelea kuzunguka, unamwaga vinyota kwenye viti vitupu. Unajua kiti kitupu hakiumi. Lakini viti vitupu ulivyovipanga mwenyewe, ukavifuta vumbi mwenyewe, vinauma jamani.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye swichi nizime, ndipo yule mama akaingia akaagiza chai.

Nimwambie nini? Kwamba hapa si mgahawani, ni sherehe iliyokosa watu? Niliona aibu. Na ukweli mwingine ni huu: sikutaka aondoke.

Nikachemsha maji.

Akanywa taratibu, akizungusha macho ukutani. Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye mkanda unaometa, na viatu vimepigwa rangi vikang'aa. Nikajisemea, huyu wa chai tu mbona kajipamba hivi?

"Taa zako nzuri," akasema. "Ila ziko juu. Zamani zilikuwa chini kidogo, ili mwanaume asionekane jasho."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashangaa sauti yangu.

Alipofungua mkoba alipe, nikamzuia. "Leo ni uzinduzi, mama. Bure."

Jumamosi iliyofuata nikazishusha zile taa. Akarudi. Chai ya rangi, sukari usitie.

"Leo nalipa."

"Uzinduzi bado unaendelea, mama."

"Uzinduzi gani huu usioisha kama ujauzito wa tembo?"

Basi ikawa ndiyo kawaida yetu. Ikifika Jumamosi nauacha mlango wazi, naye anaingia na mkoba wake kama mteja mwenye haki zake. Akanifundisha kucheza. Ananishika mkono, ananihesabia hatua, nikimkanyaga anasema, "Wewe unapima dirisha au unacheza?" Ananiuliza nimekula nini. Ananiambia nimekonda. Tangu mama afariki hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimekonda.

Jina lake sikumuuliza. Nilimwita mama, akaniita mwanangu. Niliogopa nikichokonoa sana, uongo wangu utajulikana na stuli ile itabaki tupu.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo hakuagiza kitu.

"Mwanangu, kaa. Leo nimekuja kuaga."

Binti yake kahamishwa kikazi, mji wa mbali, na yeye anaishi kwa binti yake. Mizigo imeshafungwa.

Nikaona sasa uongo hauna kazi tena.

"Mama, nisamehe. Hapa si mgahawani. Hapa ni nyumbani kwangu."

Akanitazama. Akatabasamu kidogo.

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Mgahawa gani una mswaki dirishani?"

Nikageuka dirishani. Mswaki ulikuwepo kweli.

Akanieleza. Binti yake ni mteja wangu, yule meneja wa benki niliyemshonea mapazia ya nyumba nzima. Alinijibu mwaliko kwa maneno "Sikosi hata iweje." Kisha akausoma kwa sauti mezani, mbele ya mumewe na mama yake, akacheka: "Fundi mapazia naye kafungua ukumbi! Nani wa kwenda huko?"

"Mimi ujana wangu wote ulikuwa dansi," akasema yule mama. "Moyo ukanidunda. Nikatoa gauni langu sandukuni, nikawaambia naenda kunyoosha miguu. Nikauliza njia mpaka nikafika. Kuchungulia mlangoni, nakuona umesimama peke yako, gauni jekundu, na viti vyote vile."

Akaigusa kaunta kwa kidole.

"Ningesema nimekuja kwenye sherehe, ungelazimika kuniambia wengine wako wapi. Nikaona bora niagize chai."

Jamani.

Kumbe wiki zote zile nilidhani namficha aibu yangu. Kumbe yeye ndiye alikuwa amenifichia, tangu mlangoni, kabla hata sijamwona.

Nililia palepale kwenye kaunta. Hakuninyamazisha. Alinishika bega tu mpaka nikamaliza.

Akaondoka wiki ileile.

Baada ya muda simu ikaita. Meneja wa benki. Anataka mapazia ya chumba cha mama yake huko walikohamia, na mama amegoma kabisa kushonewa na mtu mwingine.

"Hivi wewe na mama mlijuana vipi?" akauliza. "Kutwa anakutaja."

Ningeweza kumchana. Maneno yalikuwa mdomoni, yamenolewa.

"Alikuja kwenye sherehe yangu," nikasema.

"Sherehe gani?"

"Ile ya dansi niliyokualika."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Walikuja wengi?"

"Alikuja mama yako."

Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaniomba nije mwenyewe kuchukua vipimo vya dirisha. Nilale huko hata siku mbili.

Nimekata tiketi.

Sitawadanganya kwamba nyumba yangu sasa inajaa watu. Haijai. Jumamosi nyingi nawasha taa moja, nashona.

Ila ndugu yangu unayesoma hapa, neno langu ni hili. Ukialikwa na mtu, mpe ndiyo ya kweli au hapana ya kweli. Hiyo "nitajitahidi" yako kuna mtu anaipangia kiti. Na ukifika ukamkuta mwenzako ameaibika, usimuulize wengine wako wapi. Vuta kiti, ukae.