Majani ya Muhogo Kutoka Miteja

Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kule Uganda, mwalimu wetu wa mimea, Mzungu mwenye haraka siku zote, alituagiza jambo moja kabla ya likizo. Kila mmoja alete kutoka kwao majani ya muhogo wenye batobato, ugonjwa unaoyakunja majani na kuyatia madoa ya manjano. Kati yetu sita, mmoja angechaguliwa kufanya naye utafiti maabarani. Niliitaka nafasi ile kwa udi na uvumba.

Nyumbani Miteja sikuhangaika, shamba letu lilijaa batobato. Nilichuma, nikayabana majani ndani ya gazeti. Mama aliuliza ni ya nani. Nikamwambia ya mwalimu. Akanyamaza. Ilinipasa nishtuke pale pale, maana mama yangu hakuwa mtu wa kunyamaza bure.

Nikapanda lori, treni, kisha meli ya ziwani, gazeti nimelikumbatia. Darasani wenzangu walifungua yao: madoa tele, mwalimu anachekelea. Zamu yangu ikafika. Majani mapana, ya kijani, hayana hata doa! Mama alikuwa ameyabadilisha kwa mazima, sijui aliyapata shamba la nani. Nilimkasirikia mzazi wangu mbele za watu, Mungu anisamehe.

Nikajieleza kwa kigugumizi: kwetu mtu hapelekewi kibovu, seuze mwalimu. Yeye akayainua majani dirishani, akauliza nani mwingine ameleta mazima. Hakuna. Akacheka mpaka akavua miwani. Bila mazima, yale yenye ugonjwa yangelinganishwa na nini? Mwenyewe alisahau kuyaagiza.

Nafasi ikawa yangu. Akanipa kikaratasi cha kubandika kwenye majani, nijaze kijiji na jina la aliyechuma, nami nikaandika la mama.

Likizo iliyofuata nilimweleza kwamba jina lake limo kabatini, chuo kikuu, pamoja na majani yake. Hakuacha kubangua korosho.

"Na yale mabovu ya wenzio, yameandikwa yalikotoka?"

"Yameandikwa, mama. Kijiji kwa kijiji."

"Na sisi je?"

"Sisi tumeandikwa hatuna ugonjwa."

"Alhamdulillahi."

Nilifurahi kumwona anavyofurahi. Kisha akainua macho, akalitazama shamba letu, batobato kutoka mpaka hadi mpaka.

"Basi, mwanangu," akasema, "huyo mwalimu wako asije huku."