Salamu ya Watu Wawili

Radhia alizaliwa Unguja, na mwaka 1979 alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Nizwa, Omani. Kiarabu alikisema, lakini kwa lafudhi ya kwao, na wagonjwa wa wodi ya wanawake wakimcheka.

Siku moja aliletwa Bi Ghaniya, bibi wa jangwani aliyevunjika mguu. Mwanawe Khalaf alimfikisha akarudi kwa ngamia wake. Bibi hakusema na mtu. Alipojaribu Kiarabu, jirani wa kitanda cha pili alicheka, naye akajifunika shuka.

Asubuhi moja beseni lilimponyoka Radhia, akanung'unika kwa Kiswahili. Shuka ikafunuka.

"Kumbe na wewe una lugha ya nyumbani," bibi akasema kwa Kiarabu.

"Ninayo, khalti," akasema Radhia, akimwita mama mdogo. "Na wewe?"

"Kiharsusi, cha kwetu jangwani. Mjini hakuna wa kunijibu."

"Basi nifundishe nikujibu."

Wakaanza. Ilikuwamo sauti moja iliyofanana na "sh", ila pumzi hupita ubavuni mwa ulimi. Radhia aliihangaikia mpaka jirani yule naye akaijaribu, mate yakamtoka, wodi nzima ikacheka pamoja. Radhia akalipa kwa Kiswahili: mti mkubwa, kisu kikubwa, nyumba kubwa. Bibi akastaajabu.

"Ukubwa wenu hubadilisha nguo kila mlango!"

"Na nyinyi je?"

"Sisi tukiwa wawili tuna 'sisi' yetu. Tukizidi hapo, 'sisi' nyingine. Na 'nyinyi' vivyo hivyo. Mimi na wewe ni ile ya wawili."

Radhia akajisikia amepata jamaa.

Khalaf aliporudi, Radhia alimsalimu kwa Kiharsusi. Kijana akatazama huku na huku, akajibu kwa Kiarabu, taratibu.

"Mzanzibari kakisema waziwazi," mama yake akamwambia, "wewe unamwonea haya nani?"

Khalaf akacheka, akajibu upya, safari hii kwa lugha ya mamake.

Majira ya baridi, bibi akiwa amesharudi kwao, Khalaf alikuja kuwachukua Radhia na mumewe Humoud, wakapita mji wa Adam wakaingia jangwani. Bi Ghaniya alikuwa akitembea kwa mkongojo, na jamaa zake wote wamekusanyika kumsikia mgeni. Radhia akajikaza, akawajulia hali kwa salamu aliyoizoea wodini, ya kila asubuhi kwa Bi Ghaniya na jirani yake.

Wazee wawili wa mbele wakajibu kwa heshima. Waliobaki wakangoja zamu yao.

"Umewasalimu wawili tu, mwanangu," Bi Ghaniya akasema, machozi ya kicheko yakimtiririka.

Radhia akageukia kundi la kushoto, akawasalimu upya, akakosea tena. Watoto wakaanza kujipanga wawiliwawili ili wapate salamu yao, na watu wazima wakawafuata. Humoud, aliyekuwa hajui hata neno, akavutwa mkono na mzee mmoja wakasimama pamoja.

Radhia akawasalimu wote, jozi baada ya jozi. Maziwa ya ngamia yalipoletwa, sauti ilikuwa imemkauka, na bado bibi mmoja alikuwa akizunguka kutafuta wa kusimama naye.