Nyama Nisiyoweza Kutafuna

Daktari wa meno mjini Kitui, binti wa umri wa wanafunzi wangu, aliniambia nifungue mdomo zaidi. Sikuweza. Akabonyeza misuli ya shavu, na machozi yakanitoka mbele ya mtu aliyekuwa akiniita "mwalimu".

"Unasaga meno usingizini," alisema. "Kuna jambo linakusumbua?"

"Ni kusahihisha mitihani tu."

Hakuliandika jibu hilo. Alinitengenezea kigango, plastiki ngumu inayovishwa juu ya meno ya chini ili ya juu yasipate cha kusaga, akaniagiza nikivae hata mchana kwa majuma mawili. Nile uji na viazi vya kuponda. Nyama nisahau, kwa sababu nikilazimisha, taya litakwama.

Jumamosi hiyo ilikuwa ntheo ya binti yangu, nyumbani Kanyangi. Ntheo ni mbuzi wanaoletwa na upande wa mwanamume. Wakishaliwa, binti amekuwa mke, hata kabla ya kanisa. Katika ukoo wetu, binti mwenyewe humkabidhi babake kipande cha kwanza, na baba hukila watu wote wakitazama. Asipokila, amekataa.

Ningeweza kueleza mapema. Lakini nimeandika makala mengi nikiwacheka wazee wanaoficha meno ya bandia, na sikutaka kuwapa wakwe zangu kicheko cha bure. Zaidi ya hayo, mwaka uliopita niliwaambia ndugu zangu kwamba kijana anayemposa binti yangu, muuza vipuri wa Emali asiyemaliza chuo, hatufai. Maneno hayo yalifika Emali upesi kuliko lori.

Basi binti yangu akapiga magoti na sahani. Nilichukua kipande cha bega, nikakitia mdomoni, nikauma mara moja. Kitu kikalia karibu na sikio. Taya likakwama, halifunguki wala halifungiki.

Nilijaribu kusema, ikatoka sauti ya ndama.

"Mwenzetu," akasema mjomba wa kijana, "mbuzi wetu amekosa chumvi, au sisi ndio tumekosa kitu?"

"Kula, ndugu yangu," dada yangu akanong'ona nyuma yangu. "Usituaibishe tena."

Binti yangu aliishusha sahani hadi magotini. Kijana alikuwa akitazama viatu vyake. Nikaingiza vidole mdomoni, nikatoa nyama, kisha nikang'oa kigango, mate yakining'inia hadi kwenye tai, nikakiweka mezani kati ya chupa za soda.

Mjomba akakiinamia. "Haya ni meno ya nani?"

"Ni ya kuzuia kusaga," mke wangu akajibu. "Taya lake ni gonjwa. Daktari amemkataza nyama."

"Basi amekula au hajala?"

Hapo wazee wa pande zote mbili wakaanza kesi. Mmoja akasema nyama ikishaonja mate imeliwa. Mwingine akasema kutema ni kukataa, awe mgonjwa awe mzima. Mimi, mwenye shahada mbili, nilikaa nikikanda shavu kama mtoto aliyezabwa kofi.

Binti yangu hakuwangoja. Aliomba kisu, akachukua ini, akalikata vipande vidogo kama punje za mahindi. Taya lilikuwa limeachia kidogo, upana wa kidole. Alipoinama kunilisha, aliuliza kwa sauti ya chini:

"Baba, ulianza kusaga meno lini?"

"Mwezi wa pili."

"Nilipowaambia kwamba naolewa."

Ningeweza kutaja mitihani. Macho yake yalikuwa karibu mno na yangu.

"Ndiyo," nikasema.

Mkono wake ulibaki hewani, ini kwenye vidole.

"Na sasa?" akauliza.

Nilifungua mdomo kadiri ulivyokubali. Akaniwekea kipande, nikakimeza kizima, nikafungua tena.

"Amekula," akasema mjomba. Binti yangu hakugeuka kumtazama. Aliendelea kukata.