Tai wa Uongo Kwenye Bastola ya Mzee Bronisław

Wiesława Pachniak, ambaye sisi wa Radom tunamwita Wiesia tu, alikereza vyuma miaka kumi na tisa katika kiwanda cha silaha cha mji wetu. Watu wengi walipoachishwa kazi, wenzake walikwenda Ujerumani kulea wazee wa watu. Yeye alifungua kibanda cha kuchonga funguo sokoni, akafanya mtihani wa polisi wa kumiliki silaha, akafaulu mara ya kwanza, na akiba yake ya kwanza akanunulia bastola.

Ilikuwa P-64, bastola ndogo ya maofisa wa jeshi letu wa zamani, yenye kifyatulio kigumu kama mlango wa ghala. Mumewe Ryszard alishika kichwa.

"Wanawake wenzako wanakusanya vikombe vya kaure."

"Vikombe huvunjika, Rysiu. Hii ikianguka, kitakachovunjika ni kidole chako cha mguu."

Miaka kumi baadaye alikuwa na bastola saba kwenye kabati la chuma, zote za jeshi la Poland, zote na vibali. Kubwa yao ilikuwa Vis ya mwaka 1938, ya kabla ya vita, yenye tai wa taifa ubavuni. Wengine wakiipata Vis ya namna hiyo huifungia kwenye kioo na kuitazama. Wiesia alikuja nayo kwenye uwanja wetu wa shabaha kila Jumapili ya pili, akaipiga, akaisafisha, akala soseji ya kuchoma, akaenda zake. Mimi ndiye msimamizi wa uwanja huo.

Mwaka mmoja, siku ya mashindano yetu ya bastola za kale mwezi wa Septemba, alifika mkulima wa matofaa kutoka upande wa Grójec, Hubert Dziubak, pamoja na baba yake, mzee Bronisław, mwenye miaka themanini na mitatu. Mzee alivaa suti na tai ya shingoni kana kwamba anakwenda kanisani. Hubert alifungua sanduku la ngozi, nasi wote tukasogea. Ndani mlikuwa na Vis inayong'aa, tai ubavuni, mwaka 1937.

"Hii ni ya babu yangu," Hubert alisema. "Luteni wa askari wa miguu. Mwaka thelathini na tisa, Wajerumani walipovamia, aliifukia, akachukuliwa mateka, hakurudi. Karatasi ya jeshi ya kukabidhiwa bastola tunayo, namba imo. Tumeitafuta miaka sita, nikatangaza kwenye mtandao, nikapiga picha karatasi nikaiweka. Mwaka jana muuzaji mmoja akanipigia simu: namba ile ile! Niliuza trekta."

 Mzee Bronisław alikuwa anaipapasa kwa kidole kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala.

Wiesia aliomba kuiona. Akavaa miwani, akatoa lenzi ndogo ya fundi saa, akamtazama yule tai muda mrefu. Kisha akanivuta kando.

"Mirek, namba wameipata kwenye karatasi aliyoitangaza."

"Una hakika?"

"Nina hakika kama ninavyolijua jina langu. Tai wa kweli aligongwa kwa muhuri. Chuma kikigongwa husukumwa pembeni, ukingo unavimba kama donge la unga ulilolibonyeza. Huyu hana uvimbe. Ameliwa na leza. Na ubavu wote umesagwa kwanza kufuta alama za Wajerumani za wakati wa vita."

"Basi nyamaza. Mwangalie mzee yule."

"Ninamwangalia. Ndiyo maana sinyamazi."

Akarudi kwao, akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na Hubert, akamweleza pole pole, bila kupamba. Akaiweka Vis yake kando ya ile, akampa lenzi aone mwenyewe. Hubert akaangalia ya kwanza, akaangalia ya pili. Uso ukamwiva.

"Wivu," alisema. "Wewe mchonga funguo una wivu, kwa sababu yangu ni ya zamani kuliko yako!"

"Wivu ninao, Bwana Hubert, wa matofaa yako. Wa bastola hii hapana."

"Hubert, nyamaza," mzee alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake. "Mama, kama si ya baba yangu, imetengenezwa na nani?"

"Imetengenezwa hapa hapa Radom, mzee, wakati wa Wajerumani. Wao walisimamia, mafundi walikuwa watu wetu. Kaka yake bibi yangu alikuwa mmoja wao, alishika tupa. Wengine waliiba kipuri kimoja kimoja kuwapelekea wapiganaji wa chini kwa chini. Waliokamatwa walinyongwa."

 Mzee akavua koti la suti, akalikunja, akampa mwanawe.

"Nifundisheni kuishika."

Tulimvisha vizuia sauti masikioni. Wiesia alisimama nyuma yake, mikono chini ya viwiko vyake. Risasi ya kwanza ilipiga mchanga. Ya pili, pembeni mwa karatasi. Ya tatu ilikaa kwenye duara la saba, na mzee akageuka na kutuchekea sote kama kijana aliyeiba busu. Hubert alikuwa analia, akijifanya anatafuta kitu kwenye sanduku.

Wiki iliyofuata Hubert alifika kibandani kwa Wiesia na kreti mbili za matofaa, kuomba radhi na kumwomba awe shahidi dhidi ya yule muuzaji. Kesi ilichukua miezi kumi na minne. Wakili wa muuzaji alimhoji Wiesia kizimbani kwa dharau.

"Mama, kwa elimu ipi unajiita mtaalamu? Si unachonga funguo?"

"Ndiyo, bwana wakili. Na wewe ukipoteza ufunguo wako, utakuja kwangu, si kwa profesa."

Hata hakimu aliinamisha uso kuficha kicheko. Kisha Wiesia akaomba hadubini, akaomba hakimu aangalie mwenyewe, akamwonyesha ukingo mmoja baada ya mwingine. Polisi walikuwa wamekuta kwa muuzaji bastola nyingine nne za namna hiyo, kila moja na namba iliyotoka kwenye tangazo la familia fulani. Muuzaji alifungwa, na akaamriwa kuwarudishia watu fedha zao.

Ilibaki bastola yenyewe. Hubert alitaka Wiesia amfute yule tai.

"Sifuti," Wiesia alisema. "Uongo huo nao ni sehemu ya yaliyoipata. Mweke alivyo, na anayekuuliza umwambie."

"Na mimi sitaki iondoke nyumbani," mzee akaongeza.

Septemba iliyofuata Hubert aliingia mashindanoni nayo akashika nafasi ya pili. Ya kwanza alichukua Wiesia, kwa kumzidi pointi tisa, na hakujisumbua kuficha kwamba alilitarajia hilo.